Mbwa mdogo na kasuku nyumba moja: kuzoeana si ulinzi

Swali la wiki hii limetoka kwa mama wa watoto wawili. Nyumbani kwake kuna mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya mengi, amefikisha mwaka mmoja. Shemeji yake anahamia mkoa mwingine na anataka kuwaachia kasuku wake. Watoto wameshafurahi. Baba anasema hakuna shida, mbwa wao ni mdogo na mpole, watazoeana tu. Mama anauliza: ni kweli watazoeana?

Jibu fupi ni kwamba wanaweza kuishi nyumba moja miaka mingi bila kudhuriana. Ila ukitembelea nyumba ambazo jambo hilo limewezekana, utakuta siri si urafiki wa mbwa na ndege. Siri ni mlango unaofungwa, tundu lililowekwa mahali pake, na mtu mzima anayejua nani yuko wapi. Kuzoeana kunasaidia kupunguza kelele. Ulinzi ni kazi yetu sisi watu.

Nieleze kwa nini, halafu tuone nini cha kufanya.

MDOGO KWA NANI?

Tunapomwita mbwa mdogo, tunampima kwa macho yetu. Kasuku ana kipimo kingine. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule tuliyemzoea, ana uzito wa takribani gramu 400 hadi 500. Cherero, wale kasuku wadogo wa kijani wanaopenda kukaa wawili wawili, hawafiki hata gramu 70. Mbwa wa kilo tano, ambaye mtoto wa darasa la tatu anambeba kwa mkono mmoja, ni mzito mara kumi kuliko kasuku wa kijivu na karibu mara mia kuliko cherero. Kwa ndege, huyo si mbwa mdogo hata kidogo.

Pia kuna suala la asili. Mbwa wengi wadogo hawakuanza kama mapambo ya sebuleni. Jamii ya terrier, kwa mfano Jack Russell, walizalishwa Uingereza kwa ajili ya kuwinda wanyama wadogo. Kitu kinachopapatika, kinacholia kwa sauti nyembamba na kukimbia ghafla kinaamsha kazi ile ya zamani. Mbwa hafanyi hivyo kwa chuki. Anaweza kumtazama kasuku kwa miezi sita bila neno, siku ndege anaporuka na kuanguka sakafuni akipiga mabawa, mguso mmoja wa mdomo unatosha.

Kama mbwa wako amewahi kukamata kuku au vifaranga wa jirani, umeshapata jibu lako. Huyo asiwekwe nyumba moja na ndege.

JERAHA DOGO, HATARI KUBWA

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza ndege bila kuelewa kilichotokea. Mbwa anamshika kasuku kidogo tu, anamwachia. Hakuna damu, au kuna tone moja. Ndege anarudi kwenye kijiti chake, anaonekana ametulia. Familia inashukuru Mungu na kuendelea na shughuli. Siku moja au mbili baadaye anakutwa amekufa chini ya tundu.

Sababu ni mate. Mdomoni mwa mbwa, na zaidi kwa paka, wanaishi bakteria wanaoitwa Pasteurella. Wao wenyewe hawawaumizi, lakini wakiingia kwenye mwili wa ndege kupitia tundu dogo la jino au mkwaruzo, wanaweza kusambaa kwenye damu haraka sana. Manyoya yanaficha kidonda. Na ndege kwa asili huficha maumivu, maana porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo utulivu ule unaouona si dalili ya uzima.

Jambo la pili ni namna ndege anavyopumua. Sisi tuna kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu unaovuta hewa. Ndege hana. Yeye huvuta hewa kwa kusogeza mfupa wa kifua mbele na nyuma. Ukimbana kifua, hata bila kuvunja mfupa wowote, umemzuia kupumua. Mbwa anaweza kumuua kwa kumlalia au kumkanyaga wakati wa mchezo. Na mtoto anaweza kumuua kwa kumkumbatia kwa mapenzi.

KASUKU NAYE SI MNYONGE

Tusimwone kasuku kama mhanga tu. Mdomo wake unavunja mbegu ngumu. Pua ya mbwa inayopenyezwa kati ya nondo za tundu ikinaswa, itachanika. Mbwa wenye nyuso fupi na macho yaliyotokeza, kama Shih Tzu na Pekingese, wako kwenye hatari ya kuumizwa jicho.

Isitoshe, kasuku wa kijivu ni mwerevu. Yupo mmoja aliyeitwa Alex, aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg nchini Marekani tangu mwaka 1977 hadi alipokufa mwaka 2007. Alijifunza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu. Ndege mwenye akili ya namna hiyo hashindwi kufungua kikomeo chepesi cha tundu. Na wengi hujifunza kumwita mbwa kwa jina, kwa sauti ile ile ya mama mwenye nyumba. Mbwa anakuja mbio akidhani anaitwa kula, anakuta ni ndege. Watu wanacheka, lakini mbwa amefundishwa kukimbilia tundu.

KANUNI MOJA YA NYUMBA

Ukisahau mengine yote, kumbuka hili: mmoja huru, mmoja ndani.

Kasuku akiwa nje ya tundu, mbwa yuko nje uani au chumba kingine, na mlango umefungwa. Mbwa akiwa huru sebuleni, kasuku yuko ndani ya tundu na kikomeo kimebanwa. Wote wawili hawawi huru kwa wakati mmoja, hata kwa dakika tano, hata kama wewe upo unaangalia televisheni. Tukio zima huchukua muda mfupi kuliko wa wewe kuinuka kwenye kochi.

Kanuni hii ni fupi makusudi. Mtoto wa miaka sita anaikumbuka. Dada wa kazi anaikumbuka. Bibi aliyekuja kutembea wiki mbili anaikumbuka. Iandike kwenye karatasi, ibandike mlangoni.

Niseme jambo la kweli hapa. Kanuni hii inahitaji angalau mlango mmoja wa ndani unaofungwa, au uwanja wenye uzio. Kama mnaishi chumba kimoja, au chumba na sebule vilivyotenganishwa na pazia, hamtaweza kuitekeleza kila siku. Katika hali hiyo ni heri kumchagua mmoja, mbwa au ndege. Hakuna aibu kumwambia shemeji kwamba nafasi haitoshi.

TUNDU LIKAE WAPI

Liwe juu, usawa wa kifua cha mtu mzima au zaidi kidogo, likiegemea ukuta ili ndege asihisi kuvamiwa kutoka kila upande. Lisiwekwe juu ya stuli au meza nyepesi ambayo mbwa akiruka inapinduka. Angalia pia fanicha za jirani: kochi lililo karibu ni ngazi ya mbwa. Nafasi kati ya nondo iwe ndogo kiasi kwamba pua wala ukucha haupenyi. Mlangoni ongeza kibano cha chuma ambacho kasuku hawezi kukichezea.

Kasuku anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 12 kila usiku. Kama mbwa wako analala sebuleni na hubweka kila pikipiki inapopita, ndege hatalala. Kasuku anayekosa usingizi na kuishi kwa hofu huanza kung'oa manyoya yake mwenyewe. Ukiona kifua kinabaki kitupu, usidhani ni ugonjwa wa ngozi tu. Jiulize anaishi karibu na nini.

KUWATAMBULISHA TARATIBU

Siku za kwanza wasionane. Kila mmoja asikie sauti ya mwenzake kupitia mlango. Wiki ya kwanza ikiisha salama, mbwa aingie sebuleni akiwa amefungwa kamba, baada ya kutembezwa na kuchoka, akiwa ameshiba. Akae mbali na tundu, upande wa pili wa chumba. Kila akimtazama ndege kisha akageuka kukutazama wewe, mpe kipande kidogo cha nyama. Unamfundisha kwamba kumpuuza kasuku kuna faida.

Kabla ya hapo awe anaelewa maneno mawili: "kaa" na "acha". Mbwa asiyetii maneno hayo uani hatatii mbele ya ndege.

Fanya hivyo dakika tano hadi kumi, mara moja au mbili kwa siku, na usogee karibu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Usimpige wala kumfokea mbwa karibu na tundu, maana atajifunza kwamba ndege ndiye chanzo cha kipigo.

Jifunze kusoma miili yao. Mbwa anayekodoa macho bila kupepesa, mwili umekakamaa, anatetemeka au analia kwa sauti ya chini, hajatulia, anawinda. Mtoe. Kasuku aliyebana manyoya mwilini, aliyefumbua mdomo au anayerukaruka huku na huko ndani ya tundu, ameogopa. Simamisha zoezi hadi kesho.

WATOTO KATIKATI

Katika nyumba nyingi, anayefungua tundu si kasuku wala mbwa. Ni mtoto anayetaka kumwonyesha rafiki yake. Kwa hiyo mpe kila mtoto kazi inayolingana na umri wake, na umweleze kazi ambayo si yake.

Chini ya miaka sita: anaangalia, anazungumza na ndege, hafungui tundu. Miaka saba hadi kumi: anaweza kubadilisha maji mtu mzima akiwa amesimama hapo. Kumtoa ndege nje ni kazi ya mkubwa, na kabla ya kumtoa swali ni moja: mbwa yuko wapi? Aliye na jukumu hilo atazame kwa macho yake, asijibiwe tu kutoka jikoni.

Zaidi ya yote, mfundishe mtoto kwamba ikitokea mbwa amemshika ndege, asiingize mkono. Hata mbwa mpole akiwa na kitu mdomoni anaweza kumng'ata mtoto anayemnyang'anya. Kazi ya mtoto ni moja: kuita mtu mzima kwa sauti.

YAKITOKEA YA KUTOKEA

Mtu mzima apige makofi kwa nguvu, amwite mbwa, amrushie chakula au amfunike kwa khanga ili aachie. Usimvute ndege kutoka mdomoni, utamchana.

Mbwa akiachia, mfungie mbali. Kisha:

Mwinue ndege kwa kitambaa laini bila kubana kifua. Kama kuna damu, gandamiza pale kwa kitambaa safi.

Mweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa, lililotandikwa kitambaa, mahali penye giza na joto la wastani. Usimlazimishe kula wala kunywa.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama huoni jeraha. Mwambie waziwazi: ameguswa na mdomo wa mbwa. Neno hilo ndilo litakalomfanya afikirie dawa ya kuua bakteria mapema, kwa kipimo cha uzito wa ndege.

Usimpe dawa za watu zilizobaki kabatini. Kidonge cha mtu wa kilo 60 hakigawanyiki vizuri kwa kiumbe cha nusu kilo.

Kama aliyeng'atwa ni mtoto, sahau ndege kwanza. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake majivu, mafuta ya taa wala pilipili. Chukua na kadi ya chanjo ya mbwa. Ndege hawaenezi kichaa cha mbwa, lakini kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu, na watoto wa miaka 5 hadi 14 wako miongoni mwa waathirika wakubwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka ni sehemu ya kulinda watoto, hata kwa mbwa asiyetoka getini.

HEWA NA CHAKULA

Mapafu ya kasuku ni mepesi kudhurika kuliko yetu na ya mbwa. Dawa ya kupe unayompulizia mbwa, dawa ya mbu ya kopo, moshi wa udi na ubani, jiko la mkaa, vyote vifanyike mbali na ndege. Mbwa apuliziwe dawa nje, akauke kabla ya kurudi ndani. Kikaango kisichoshika chakula kikisahaulika jikoni hadi kikapata moto kupita kiasi hutoa mvuke usioonekana unaoweza kuua ndege ndani ya muda mfupi, wakati mbwa na watu hawajahisi kitu.

Kasuku naye hula kwa kumwaga. Nusu ya chakula chake huishia sakafuni, na mbwa anasubiri. Zabibu ni hatari kwa figo za mbwa, hivyo zisiwemo kwenye bakuli la ndege. Chokoleti ni sumu kwa wote wawili. Parachichi, ambalo watoto wetu wanalipenda, linaweza kumuua kasuku. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, inayoharibu ini la ndege, la mbwa na la mtoto. Karanga usizoweza kumpa mwanao, usimpe kasuku.

AFYA YA WATU WA NYUMBANI

Kasuku anaweza kubeba ugonjwa unaoitwa homa ya kasuku, unaosababishwa na bakteria aina ya Chlamydia psittaci. Huambukiza kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka au la manyoya. Miaka ya 1929 na 1930 ulienea katika nchi kadhaa kutokana na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini. Siku hizi una dawa, tatizo ni kuugundua: homa, kichwa, maumivu ya misuli na kikohozi kikavu hufanana na magonjwa mengine mengi. Huku kwetu mtu akisema homa, tunawaza malaria. Kipimo cha malaria kikionyesha huna, na kikohozi kinaendelea, mwambie daktari sentensi moja tu: nyumbani tuna ndege.

Usifagie kinyesi kikavu. Lowesha kwanza kwa maji yenye sabuni, vaa barakoa, kisha futa. Mjamzito, mtoto mdogo na mwenye pumu wasifanye kazi hiyo. Kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe kutoka kwenye manyoya yake, hivyo tundu lisikae chumba cha kulala cha watoto. Mbwa naye apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na asiachwe kulamba sakafu chini ya tundu. Mikono ioshwe kila baada ya kuwagusa, kabla ya kula.

KABLA YA KUSEMA NDIYO

Mambo mawili ya mwisho kwa mama aliyeuliza, na kwa yeyote anayefikiria kumchukua kasuku.

La kwanza ni kibali. Kasuku wa kijivu yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, CITES, tangu Januari 2017. Kumfuga si sawa na kufuga kuku. Muulize shemeji nyaraka zake, kisha uliza mamlaka ya wanyamapori: kwa Tanzania ni TAWA, kwa Kenya ni KWS. Ndege asiye na karatasi ni tatizo la kisheria hata kama amekuja kama zawadi.

La pili ni miaka. Mbwa mdogo huishi miaka kumi na kitu. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 40 na zaidi. Mtoto wako wa darasa la kwanza anaweza kuwa na wajukuu wakati ndege huyo bado anaita jina la mbwa aliyekufa zamani.

Kwa hiyo kaeni kikao cha familia, watoto wakiwemo. Msiulizane kama mbwa ni mpole. Ulizaneni mlango gani utakuwa unafungwa, nani ataufunga asubuhi mkiwa kazini, na nani atahakikisha jioni. Mkiwa na majibu ya maswali hayo matatu, karibisheni mgeni. Mkikosa hata moja, mwambieni shemeji atafute nyumba nyingine, na mtakuwa mmemtendea wema kasuku, mbwa, na watoto wenu.